Mwaka Tuliokula na Watu Tusiowajua

Mwezi uliopita tulimzika Yeyo, mama yake Lomayani, kule Oldonyo Sambu, na hapo ndipo tulipokutana sisi watatu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Bariki amenenepa na kichwa kimeanza kung'aa. Lomayani ni yuleyule mrefu mwembamba, ila sasa anasoma kwa miwani. Baada ya maziko tulikaa ndani tukila wali, na binti yake Lomayani, wa darasa la tano hivi, alikuwa akitupakulia huku anatuchunguza. Mwishowe akamuuliza baba yake sisi ni ndugu wa upande gani. Lomayani akatafuna, akafikiri, akasema, "Hawa tulichimba pamoja." Mtoto akauliza kama ni Mererani, kwenye tanzanaiti. "Hapana," akasema baba yake, "Moshono, chumbani." Bariki akapaliwa na wali, na mimi nikaficha uso kwenye khanga, maana haikuwa siku ya kucheka, na tulicheka. Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikitaka kuuandika mwaka ule. Nasita, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la saba, na hata hii tabia yangu ya kuandika kila jioni sijui kama ni kipaji au ni ugonjwa. Nikiandika mstari najiuliza ndivyo ilivyokuwa, au ndivyo ninavyopenda iwe? Basi nitajitahidi nisimpendelee mtu, hasa mimi mwenyewe.

Chumba chenyewe kilikuwa uani kwa shangazi yake Bariki, Moshono, kile alichokuwa akifugia kuku wa kisasa kabla hawajafa kwa ugonjwa. Bariki alipiga chokaa, akatoboa matundu mawili ukutani, akaunga chaga za kitanda cha zamani zikawa rafu, na juu ya rafu akapanga mashine. Msomaji asifikirie kitu kikubwa. Zilikuwa kompyuta zilizovuliwa nguo, utumbo wote nje, na kwenye kila moja kumechomekwa ile kadi nene yenye feni ambayo watu wengine huitumia kuchezea michezo. Kadi ndiyo iliyofanya kazi. Kila mmoja wetu alikuwa na yake. Ya Bariki ilikuwa kubwa kuliko zote, kwa kuwa alikuwa fundi kompyuta mjini na alijua pa kununulia. Yangu ilikuwa kuukuu, niliipata kwa pesa ya kushona sare za kwaya, na Bariki aliniambia tangu mwanzo, bila kunificha, kwamba itakuwa inakohoa. Ya Lomayani ilikuwa ya katikati, na ndiyo iliyonitia hofu, kwa sababu nilijua ilikotoka.

Ilitoka zizini. Lomayani alikuwa dalali wa mbuzi na kondoo, kijana anayejulikana minadani kote, lakini mbuzi alikuwa akiwauza wa watu. Kununua kadi, Yeyo alimtoa mtamba wake, yule aliyekuwa akimtazamia ndiye atakayempa maziwa miaka ya mbele. Alimtoa mwenyewe, kwa hiari, sikuwahi kusikia vinginevyo. Lomayani alimwahidi kwamba kabla ya Krismasi atakuwa na ng'ombe wa kukamua nyumbani kwake. Ng'ombe aliyebaki alikuwa mzee, akakauka kabla ya Julai kwisha. Tangu hapo kila Lomayani alipokwenda kwao, Yeyo alimpa chai ya rangi. Kwetu sisi chai ya rangi ni chai tu. Kwa mama wa Kiarusha, kumkaribisha mwanawe bila maziwa ni kama kumpokea mgeni nyumba ikiwa haina paa.

Nakumbuka siku Bariki alipotufafanulia kazi, kwa sababu tulikuwa tunakula loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, kwenye sufuria moja na Lomayani alikuwa akimkatiza kila kijiko. Bariki alisema hii sarafu ya mtandaoni tunayoichimba haina benki wala bosi. Ina kitabu kimoja cha hesabu ambacho dunia nzima inakishika, na kila mara ukurasa mmoja hujaa na kutakiwa kufungwa. Kuufunga kunahitaji namba fulani ambayo haikokotolewi, inabahatishwa tu, na mashine za dunia nzima zinabahatisha usiku na mchana. Itakayoipata kwanza inapewa zawadi. Ukibahatisha peke yako na kadi moja, unaweza kupata kesho, unaweza kupata ukiwa na wajukuu. Kwa hiyo watu wanaungana kundi. Yeyote wa kundi akifunga ukurasa, zawadi inaingia kwenye chungu kimoja, na kila mtu anapewa kadiri mashine yake ilivyobahatisha.

Lomayani akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalo lakini niliona aibu: kundi linajuaje kwamba mashine yangu imefanya kazi na haikulala? Bariki akaeleza kidogo akakwama. Alisema kuna namba zisizo zenyewe lakini zinakaribia, na mashine inapozipata inazipeleka kama ushahidi. Lomayani akaweka kijiko chini. "Aa, nimeelewa," akasema. "Ng'ombe amepotea, kijiji kizima mmeingia porini. Wewe hujamwona, lakini umeleta kinyesi kibichi. Basi tunajua ulikwenda." Bariki akakubali kwamba ni hivyo hivyo, ila tusimwambie mtu mwingine kwa maneno hayo wakati wa kula. Tangu siku ile zile namba za kukaribia tuliziita kinyesi, na Shangazi akipita uani akatusikia tukisema kinyesi cha leo ni kingi, alikuwa akitikisa kichwa.

Tulibishana kundi gani tuingie. Kulikuwa na makundi yanayolipa bei moja kwa kila namba ya kukaribia, ukurasa ufungwe usifungwe, na wenye kundi wanakata zaidi kwa kubeba hatari. Mengine hayakupi kitu mpaka ukurasa ufungwe, lakini ukifungwa mnagawana karibu chote, na wanahesabu kazi ya siku za karibuni tu, ili mtu asiruke leo huku kesho kule akivizia. Mimi nilitaka la kwanza. Niliona mtu mwenye kadi inayokohoa anafaa mshahara. Lomayani akasema hicho ni kibarua, na yeye hakuuza mtamba ili awe kibarua. Bariki akaenda upande wake. Wawili kwa mmoja. Sijui mpaka leo nani alikuwa sahihi. Najua tu kwamba kama ningeshinda mimi, mwaka ule usingekuwa na kelele, na nisingekuwa na cha kuandika.

Maana zilikuwepo kelele! Kundi letu lilikuwa dogo, watu wametapakaa nchi ambazo sijui hata majina yake, na ukurasa ulifungwa mara moja katika siku kadhaa, wiki nyingine usifungwe kabisa. Bariki alipata televisheni mbovu akaifanya kioo cha kutazamia, na akategesha mlio: kengele ya shingoni mwa mbuzi, aliyoirekodi mnadani kwa Lomayani. Kundi likifunga ukurasa, kengele inalia, na kwenye kioo unatokea mstari wa kijani ulioandikwa jina la mashine iliyofunga. Mashine zetu tulizipa majina. Ya Bariki iliitwa Meru, yangu Cherehani, ya Lomayani Ndama. Nilihamisha cherehani changu cha kweli kutoka barazani kikaja kwenye chumba kile, nikidai ni kwa ajili ya joto. Kweli joto lilikuwepo. Julai, upepo wa mlimani ulipokuwa unakata masikio, tuliyaacha wazi yale matundu ukazipoza mashine, na nyuma ya rafu, penye joto, Shangazi akaanika nguo na akaweka unga wa maandazi uumuke. Lakini nilihamia kwa sababu ya kengele. Nilikuwa nikishona huku sikio liko pembeni, na ilipolia nilikuwa naruka mpaka uzi unakatika. Shangazi naye alikuja kuzoea. Alikuwa akitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza, "Wamepata?" Bariki anamjibu, "Wamepata, Shangazi, wa nchi ya theluji." Naye anasema Mungu awabariki, anarudi kwenye sufuria.

Halafu ikaja siku ya Ndama. Ilikuwa asubuhi, nikipima kiuno cha mteja, mama mmoja mwalimu. Kengele ikalia. Nikatazama kioo, nikaona mstari wa kijani, nikasoma, nikasoma tena, nikadhani macho yamechoka. Nikamwacha mama wa watu na futi kiunoni, nikatoka mbio mpaka njiani, na Lomayani alikuwa anakuja na mfuko wa maparachichi. Sikuweza kusema ila "Ndama, Ndama." Akaacha maparachichi yakabiringika mtaroni. Katika dunia nzima, ukurasa ule ulifungwa na mashine iliyokaa juu ya chaga za kitanda katika banda la kuku Moshono! Bariki alikuja kutoka mjini na pikipiki, hakumaliza hata kumlipa mwenye nayo, akaingia ndani akagusa kadi ya Lomayani kama mtu anavyompapasa mtoto mwenye homa. Mwalimu wa watu alisimama pale na futi yake, akatupongeza bila kujua kwa nini.

Mgawo ulipokuja, furaha iliingia maji. Zawadi nzima ingeweza kumnunulia Yeyo ng'ombe wa kujaza zizi. Tulichopata sisi watatu kilikuwa kilekile cha kawaida, tone, na tone la Lomayani halikuzidi la juma lililopita. Bariki alikumbusha kwamba ndiyo makubaliano. Lomayani hakukasirika. Alisema tu kuna kitu kimesahaulika. Kwao, kijiji kikitafuta ng'ombe aliyepotea, wote waliokwenda porini watakunywa na kula, sawa, lakini aliyemleta ana chake, na hakiombwi, kinatolewa. Hawa watu wa kundi pengine ni waungwana, wamepitiwa. Akamwomba Bariki awaandikie pale kwenye uwanja wao wa maongezi, kwa adabu, awaulize sehemu ya mleta ng'ombe ni ipi. Bariki aliona aibu, mimi nilimsukuma. Nilidhani swali ni halali, na bado nadhani hivyo.

Majibu yalikuja mchana kutwa. Wengine walituma vicheko. Mmoja alieleza vizuri, kwamba katika kundi hili aliyefunga hana nyongeza, kwa sababu kupata ni bahati na kazi ndiyo kazi, na kwamba Ndama amekula mara nyingi kwenye kurasa ambazo hakufunga yeye. Hilo lilikuwa la haki, nililiona. Mwingine aliandika kwamba yuko humo tangu kundi lianze na mashine yake haijawahi kufunga hata ukurasa mmoja. "Leo nimekula kwako," alisema. "Asante sana." Bariki alipolitafsiri hilo, Lomayani akaomba arudiwe. Siku nzima alikuwa na raha ya mtu aliyechinja na wageni wameshiba. Alimwambia hata Shangazi kwamba amelisha watu ambao hawajui hata sura yake.

Jumapili akaenda kwao, akanywa chai ya rangi. Jumatatu alirudi akasema Ndama atoke kwenye kundi, abahatishe peke yake.

Tulikuwa tunakula ndizi, na ndizi zikapoa. Bariki alimwambia wazi kwamba bahati haina kumbukumbu, kwamba kufunga mara moja hakumaanishi mashine imependwa. Lomayani akasema, "Wewe una kadi tatu za akiba dukani. Mimi nina mama mmoja na Krismasi moja. Haya matone yenu yatamfikishia ng'ombe nikiwa mzee." Bariki akasema peke yake asipopata hatakuwa na hata tone. Wakanigeukia mimi, kama kawaida yao. Nilisema kadi ni yake, na mtu hawezi kufungwa kamba kwenye kundi. Nikaongeza kwamba umeme wa kuiendesha basi aununue mwenyewe, maana wetu ulikuwa unatoka kwenye mgawo. Lomayani akasema ni haki. Bariki aliondoka na sahani yake. Zile siku zilizofuata sikulala vizuri, nikijiuliza kama haki niliyoisema ilikuwa haki, au nilikuwa nimeogopa tu kumkatalia.

Lomayani alikuwa mkali katika uaminifu wake. Ijumaa tulikuwa tukinunua nyama kwa pesa ya mgawo, tukichoma uani. Hakuigusa. Alikaa nasi, akacheka nasi, akala parachichi lake kwa chumvi. Bariki akasogeza sahani bila kumtazama, naye akairudisha bila kumtazama, mpaka Shangazi akauliza hawa wameoana lini. Umeme wake aliununua kwa pesa ya mbuzi. Ndama akavuma pale juu ya chaga, na kwenye kona yake ya kioo hakukutokea kitu. Agosti ikaisha. Septemba ikaingia, ukungu wa baridi ukaondoka mlimani, na bado hakukuwa na kitu. Alikuwa akiingia asubuhi, anatazama ile kona, anasema "Haya," anatoka kwenda mnadani.

Siku iliyogeuza mambo tulikuwa wote chumbani, Bariki akisafisha feni kwa brashi ya rangi, mimi nikishona, Lomayani akihesabu kwa simu mbuzi wa mtu. Kengele ikalia. Lomayani akaruka kwa furaha mpaka kichwa kikagonga bati, akamkumbatia Bariki na brashi yake, akapiga mluzi, akanishika mabega akiuliza ni nani, ni nani, wa nchi gani. Nikamwambia ni yule, yule ambaye hajawahi kufunga. Amefunga! Jina lake lilikuwa pale, la kijani. Lomayani akapiga kelele zaidi. Alikuwa amefurahi kweli, ningeweza kuapa. Kisha nikaona uso wake unabadilika taratibu. Alikuwa amekumbuka kwamba hayumo.

Bariki naye aliona. Alifuta vumbi mashavuni akasema kwa upole, "Mwanangu, umecheza harusi ambayo kadi yako umeirudisha."

Lomayani akakaa juu ya kiti cha cherehani changu. Alipapasa kichwa pale palipogonga. Halafu akaanza kucheka, kicheko kile cha chinichini kinachopanda, tukacheka wote, na Shangazi akaja na mwiko wake kuuliza wamepata, nasi tukazidi kucheka. "Nirudishe," Lomayani akamwambia Bariki. "Nirudishe leo. Siwezi kuendelea kuruka bure. Hata bati lako halitaki."

Kurudi kuna gharama, kwa vile kundi huhesabu kazi ya karibuni. Mgawo wake wa kwanza ulikuwa mdogo hata kuliko wangu, naye akautazama akasema sasa anajua Cherehani anavyojisikia. Lakini kila siku uliongezeka. Oktoba bei ya sarafu ile ikaanza kupanda. Novemba ikafura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Tone lilelile sasa lilikuwa kikombe. Tuliishi wiki zile kama watu wenye homa nzuri, kengele ikilia Bariki anapiga hesabu hewani kwa kidole, Lomayani analeta habari za mnadani, ng'ombe gani ameingia, chuchu zake zikoje, tabia yake ikoje akikamuliwa. Ijumaa alikula nyama mpaka tukamwonea huruma ng'ombe.

Desemba ilipoanza, sehemu ya Lomayani ilitosha mtamba, kama yule aliyetoka. Lakini mtamba hakamuliwi. Ng'ombe mwenye maziwa, mwenye ndama mguuni, alikuwa juu zaidi. Bariki alitaka tumwongezee tu yaishe. Lomayani akakataa, akasema Yeyo hawezi kukamua huruma za watu. Mimi wote wawili nilikuwa nawaelewa. Lomayani mwenyewe ndiye aliyepata njia. Alisema tumnunue kama kundi. Kila mmoja aweke alichonacho, na kila mmoja amiliki kadiri alivyoweka. Maziwa ni ya Yeyo, kwa kuwa ndiye atakayechunga na kukamua, hiyo ni kazi. Ndama watakaozaliwa tutagawana kwa hesabu. Bariki akauliza na mkia ni wa nani. Mkia, akasema Lomayani, ni wa wenye kundi, ndio makato yao. Tukakubaliana. Yeye akachukua nusu na zaidi, Bariki akafuatia, na mimi, kwa kadi yangu ya kukohoa, nikapata mguu mmoja, tena wa nyuma. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kupata cherehani.

Tulimpeleka kwa gari la kubebea viazi lililokuwa linarudi tupu, Bariki mbele na dereva, mimi na Lomayani nyuma tumeshika pembe, vumbi la upande ule wa mlima likitupaka wote rangi moja. Tulifika jua linazama. Nikainamisha kichwa Yeyo akanigusa utosini kama desturi yao, akampita mwanawe, akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Alimzunguka. Alimpapasa kiwele. Alisema naye maneno ambayo Lomayani hakututafsiria. Asubuhi nikasikia maziwa yakipiga kibuyu kabla sijafumbua macho, na nilipoingia jikoni kwake moshi ulikuwa umejaa na chai imekuwa nyeupe.

Alipanga vikombe vitatu vya bati. Kile kikubwa, chenye ukingo wa buluu, akakijaza mpaka juu akanipa mimi. Mwanawe akampa cha kati, Bariki kidogo. Nikaona si sawa. Nilijaribu kukipokea kimya nikashindwa, tabia yangu ni mbaya hivyo. Nikamnong'oneza Lomayani amweleze mama yake kwamba mimi kwenye ng'ombe huyu nina mguu mmoja tu, na hao wawili ndio wenye ng'ombe hasa. Lomayani akamweleza. Yeyo akasema jambo kwa Kimaasai, tena bila kutabasamu. Lomayani akainamia magoti, mabega yakamtikisika, Bariki akimsukuma atafsiri.

"Anauliza," akasema alipopata pumzi, "kama huo mguu wako ndio unaotoa maziwa."

Nikanywa chote.